Jinsi ya kukagua gari used na ofa ya kazi kama vile unasoma logi za seva

Mimi ni mtu wa seva. Kila siku naambiwa mfumo uko poa, naenda kufungua logi (faili ambamo mfumo unaandika kila kilichoutokea) nakuta umelia usiku kucha na hakuna aliyeusikia. Hiyo tabia ya kutoamini taa ya kijani nimeihamishia kwenye vitu viwili ambavyo sisi watu wa kompyuta tunapigwa kirahisi sana, gari used na mkataba wa kazi, na sheria utaikuta katikati ya vyote viwili upende usipende. Mimi sio fundi wala mwanasheria, ni mtu tu aliyepigwa mara mbili akasema basi.

Tuanze na gari maana huko ndo nililia zaidi.

Kabla hujaenda kuliona mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka mkono juu ya boneti, ikiwa ya moto ujue kuna kitu kinafichwa, maana injini ikishapata moto inasamehe mambo mengi, sauti zinatulia, moshi unapotea, gia zinaingia vizuri. Injini ya baridi ndo inasema ukweli. Ikiwaka mtu mwingine akae nyuma aangalie moshi, wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni mafuta yanazidi, mweupe ambao hauishi hata gari likishapata moto ni maji ya rejeta yanaingia mahali yasipotakiwa (mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni mvuke tu usiogope). Na kabla ya kuwasha fungua kifuniko cha oili uangalie upande wa chini, ukikuta utando kama maziwa yaliyoganda, mara nyingi ni maji yameingia kwenye oili. Inatokea pia kwa gari la safari fupi fupi ila mimi sitaki kubahatisha kwa hela yangu.

Sasa kuna kitu watu wanaruka. Weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, uangalie dashibodi. Taa za onyo zote zinatakiwa ziwake kwa sekunde kadhaa, ya injini, ya eabegi, ya breki za ABS, halafu nyingine zizime zenyewe. Watu wote wanaangalia taa ipi haizimi, mimi naangalia ipi HAIJAWAKA kabisa, maana taa ya eabegi isiyowaka kabisa mara nyingi ni balbu imetolewa au imebandikwa kitu kwa nyuma, yaani mtu alichoka na alarm akazima alarm badala ya kutengeneza tatizo. Tunafanya hivyo hivyo kazini kwa hiyo najua akili ya huyo mtu ilivyo.

Halafu njoo kwenye soketi ya OBD2, yaani tundu la kusomea kompyuta ya gari, iko chini ya dashibodi upande wa usukani, ina nafasi za pini 16. Marekani gari zote ndogo za kuanzia modeli ya 1996 lazima ziwe nayo, Ulaya petroli kuanzia 2001 na dizeli 2004. Kuna vidude vya ELM327, vidogo kama kiberiti, unachomeka kinaongea na simu kwa bluetooth na programu za bure zipo kibao. Hapo utasoma kodi za hitilafu (sio kodi za serikali, hizo tutazifikia), mfano P0300 ni injini inamisi kwenye silinda zaidi ya moja au bila mpangilio, P0420 ni katalaisti haisafishi moshi inavyotakiwa.

Ila nisikilize vizuri hapa, kukuta hakuna kodi hata moja SIO habari njema moja kwa moja. Mimi gari langu la kwanza lilisoma sifuri, nikafurahi nikalipa, siku ya tatu taa ya injini ikawaka, P0420. Kumbe muuzaji alikuwa amefuta kila kitu njiani akija kwangu. Nilikuja kujua baadae kwamba gari lenyewe linatunza ushahidi, sikuwa nimeangalia tu. Kuna data inaonyesha umbali uliotembea tangu kodi zifutwe, magari mengi ya baada ya 2000 na kitu wanayo, ukikuta kilomita 4 wakati mtu anakwambia gari halijawahi kusumbua mwaka mzima, we muulize tu kwa upole ilikuwaje. Na kuna ule ukurasa wa vipimo vya ndani ambao programu inaandika "tayari" au "bado", mtu akifuta kodi au akichomoa betri vingi vinarudi kuwa "bado" mpaka gari liendeshwe vya kutosha. Kwa hiyo kodi sifuri na vipimo vingi "bado" ni sawa na kuingia kwenye seva ukute folda ya logi ni tupu kabisa. Hakuna seva isiyo na logi. Kuna mtu amefuta.

Ukiendesha acha programu ikiwa wazi uangalie joto la injini, kwa gari nyingi litatulia kati ya nyuzi 85 na 105 hivi, likipanda tu bila kusimama rudi ulikotoka. Kilomita za dashibodi usiziamini peke yake, zinarudishwa nyuma kila siku, linganisha na pedo ya breki ilivyolika, na usukani, na karatasi za sevisi. Matairi yana namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Gari lina "kilomita elfu ishirini tu" lakini limeshabadilishwa seti nzima ya matairi? Hapana bana.

Kwa gari la umeme mambo ya moshi na oili yanakufa yote, unabaki na swali moja kubwa, afya ya betri, na swali dogo, waranti yake imebaki kiasi gani. Makampuni mengi yanatoa miaka 8 au kilomita 160,000 kwa betri, soma kama inahamia kwa mmiliki wa pili.

Upande wa sheria kwenye gari mimi nafanya vitu vitatu tu. Namba ya chesisi, kwa gari za soko la Marekani za kuanzia 1981 ina herufi na tarakimu 17, na hutakuta I wala O wala Q ndani yake kwa sababu zinachanganywa na 1 na 0, ukiziona kwenye karatasi ujue aliyeandika alikosea au alitunga. Isome kwenye bodi lenyewe zaidi ya sehemu moja, kioo cha mbele na mlangoni, ilingane na kadi ya gari herufi kwa herufi. Pili uliza kwenye ofisi ya usajili ya nchi yako kama gari limewekwa dhamana ya mkopo, maana nchi nyingi hiyo dhamana inafuata gari hata likiuzwa. Tatu ingiza hiyo namba kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, uone kama gari liliitwa lirudishwe kurekebishwa kasoro. Hii watu wanaidharau sana, lakini zile eabegi za kampuni ya Takata, Marekani peke yake ni kama milioni 67 ziliitwa zibadilishwe kwa sababu zinaweza kupasuka na kurusha vyuma usoni kwa dereva, na gari lililohamishwa nchi linaweza kuwa bado linayo ile ile ya zamani. Kwa kawaida kubadilisha ni bure, unachotoa ni siku yako moja.

Haya, kazi.

Ofa ya kazi ina dashibodi yake, ni ile barua nzuri yenye mshahara kwa maandishi manene na "sisi ni familia". Mkataba ndo logi. Na mkataba unasomwa kuanzia nyuma, kwenye viambatisho na zile "sera za kampuni zitakazobadilika mara kwa mara", omba hizo sera ZOTE kabla ya kusaini, ukiambiwa utazipata ukishaanza ni sawa na boneti ya moto.

Kipengele cha kwanza mimi kukitafuta ni nani anamiliki unachoandika. Kampuni kumiliki unachoandika kazini na kwa laptopu yao ni haki kabisa sina ugomvi, tatizo ni maneno kama "wakati wowote" na "kwa namna yoyote". Mimi nilikuwa na kaprogramu kangu ka usiku, kananiingizia vihela vya vocha, siku natoka kwenye ile kampuni nikaonyeshwa kifungu nilichosaini mwenyewe kwa mkono wangu kwamba hata hako ni kao. Nilikaacha. Siku hizi naandika orodha ya miradi yangu yote kabla ya kuanza, naiweka kama kiambatisho, wanasaini na wao. California wana sheria inayomlinda mfanyakazi kwa kitu alichobuni kwa muda wake na vifaa vyake, ila hata hiyo ina mipaka kama kitu kinagusa biashara ya mwajiri, na wewe labda hukai California, kwa hiyo usijifariji na makala za watu wa huko, tafuta sheria ya kazi ya kwako uisome, kwa kawaida sio ndefu kama watu wanavyodhani.

Hivyo hivyo kwa kile kifungu cha kukuzuia kufanya kazi kwa mshindani ukiondoka. California hakina nguvu karibu kabisa, sehemu nyingine kinakubalika kama muda na eneo vina mipaka ya maana, na kuna sehemu lazima ulipwe kwa kipindi unachozuiwa. Kifungu kikisema miaka miwili dunia nzima mimi nakipigia mstari na kurudisha, na mara nyingi wanakitoa bila ugomvi kwa sababu walikinakili tu mahali.

Oncall pia, yaani zamu ya kupokea simu mfumo ukiharibika nje ya saa za kazi. Swali sio "kuna oncall?", jibu litakuwa "kidogo tu". Uliza simu imelia mara ngapi mwezi uliopita usiku, na nani alipokea, na alilipwa nini. Mtu anayeendesha hicho kitengo anajua hiyo namba, akisita umeshajibiwa. Ufaransa tangu 2017 wana sheria ya haki ya kuzima simu ya kazi, Ureno 2021 wakaenda mbali zaidi wakamkataza mwajiri kumsumbua mtu nje ya saa za kazi, na mimi naona ni sheria nzuri japo wenzangu wengi wa seva wananicheka.

Kama unafanya kazi kwa mbali na kampuni iko nchi nyingine, hapa ndo kodi za serikali zinaingia. Nchi nyingi zinatumia siku 183 kama kipimo kimoja cha kukuhesabu mkazi wa kulipa kodi, kwa hiyo usihamehame na laptopu ukadhani hakuna anayehesabu, pasipoti inahesabu. Angalia pia unaajiriwa au unaitwa kandarasi, maana kandarasi mshahara unaonekana mnono sababu likizo, bima na pensheni vyote vimehamia mfukoni kwako.

Na trick yangu ninayoipenda kuliko zote. Ukiomba marekebisho wakakutumia mkataba "mpya", usisome ule mstari uliorekebishwa peke yake. Geuza PDF zote mbili kuwa maandishi kwa pdftotext, halafu piga diff, yaani amri ya kompyuta inayoonyesha mistari iliyotofautiana. Mara moja nilikuta wamerekebisha nilichoomba vizuri kabisa, na chini huko notisi yangu ya kuacha kazi imetoka siku 30 imekuwa 90 wakati ya kwao ya kunifukuza imebaki 30. Nikauliza, wakasema ni templeti. Sawa, templeti, rudisheni.

Kingine sio cha mkataba ila nakiweka hapa hapa. Bosi akikwambia andika kitu ambacho unajua kinadanganya mkaguzi, omba maagizo kwa imeili, halafu kataa kwa imeili. Ile kesi ya Volkswagen ya 2015, magari kama milioni 11 yenye programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo cha moshi halafu linajifanya safi, ile iliandikwa na watu kama sisi. Na 2017 injinia wao mmoja alihukumiwa miezi 40 jela huko Marekani. Mkataba hauna kifungu cha mtu mwingine kwenda jela badala yako.

Vitu hivi viwili vinakutana sehemu moja, usinunue gari kwa ajili ya kazi ambayo bado uko probeshen. Piga hesabu kwanza, saa 8 za kazi na saa 2 na nusu za barabarani ni saa 10 na nusu, kwa hiyo kila saa yako imeshuka mpaka kama robo tatu ya uliyoambiwa kwenye ofa, na mafuta hujagusa bado. Kazi ya mshahara mdogo kidogo ila ya nyumbani inaweza kuwa inalipa zaidi.

Na siku ya kuuza gari, au kuacha kazi, usafi ni ule ule. Kwenye gari futa simu zote zilizounganishwa, anwani za nyumbani kwenye ramani, rimoti ya geti, halafu toa gari kwenye akaunti yako ya programu ya simu, maana kuna watu wameuza gari na bado wanaliona linakolala. Kwenye laptopu ya kazi toa vitu vyako binafsi wiki moja kabla ya kutoa notisi, sio baada, maana ukishatoa notisi akaunti inaweza kufungwa ukiwa bado unakunywa chai.