Somo: TWIC na kazi kwenye boti za wapiga mbizi Marekani

Wakuu, swali hili halikauki: ukipata kazi kwenye boti inayopeleka wateja kupiga mbizi, Florida au Hawaii, lazima uwe na TWIC? Wengi wanalipia kadi kwanza, kuuliza baadaye. Anzeni na boti yenyewe.

TWIC ni kitambulisho cha TSA, hao hao wanaokagua abiria viwanja vya ndege, na kimetokana na sheria ya ulinzi wa bandari ya mwaka 2002. Kinakuruhusu kuingia bila kusindikizwa kwenye maeneo yenye ulinzi maalumu, bandarini au melini. Basi. Si leseni ya unahodha, wala hakimwambii mtu kama unajua kuogelea.

Hatua ya 1: Ijue boti. Muulize mwenye boti kama chombo chake kina mpango wa ulinzi uliopitishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani. Boti nyingi za kupiga mbizi hazina. Ndogo hubeba abiria wasiozidi 6. Zinazozidi hapo hukaguliwa, ila nyingi ni za chini ya tani 100. Kwa boti za abiria, sharti la mpango huanza kubana zikibeba zaidi ya 150, au zaidi ya 12 kwenye safari ya kimataifa. Kwa hiyo boti yenye wateja 20 ikitoka Key Largo kwenda kwenye miamba na kurudi, haiguswi. Wateja hao hao ukiwavusha hadi Bahamas, hesabu inabadilika.

Hatua ya 2: Angalia gati. Boti inaweza isidai kadi, lakini ikawa inalala ndani ya bandari yenye eneo la ulinzi. Hapo mlinzi wa geti hajali wewe ni divemasta (kiongozi wa wapiga mbizi) wa nani: huna kadi, unasubiri mwenye kadi aje akusindikize. Alfajiri, mkokoteni umejaa mitungi ya hewa, wateja wanafika, na msindikizaji hapokei simu. Kwa gati la namna hiyo, mimi ningelipia kadi tu.

Hatua ya 3: Ijue nafasi yako. Divemasta na baharia wa sitaha kwenye boti ya chini ya tani 100 hawahitaji hati ya ubaharia, ile MMC. Nahodha anaihitaji, na hapa ndipo watu wanapojichanganya. Sheria ya mwaka 2010 ilimwondolea mwenye MMC ulazima wa kuwa na TWIC kama hafanyi kazi kwenye chombo chenye mpango wa ulinzi. Lakini anayeomba MMC kwa mara ya kwanza bado anakwenda kituo cha usajili cha TSA, anatoa alama za vidole na analipa. Msamaha ni wa kadi, si wa uchunguzi.

Halafu kuna kipimo cha dawa za kulevya. Hakihusiani na TWIC, ila kinawakwamisha wengi. Mwenye jukumu la usalama wa abiria hupimwa kabla ya kuajiriwa na baadaye kwa kushtukizwa, hata kama hana leseni yoyote. Usijitetee kwamba bangi ni halali kwenye jimbo lako. Hii ni sheria ya shirikisho.

Hatua ya 4: Omba. Jaza maombi mtandaoni, weka miadi, nenda na pasipoti yako, au grini kadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) kama si raia. Ada ni kama dola 125 na kadi hudumu miaka 5. TSA wanashauri uombe siku 60 kabla ya kuihitaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, mimi nina grini kadi. Unahodha naweza?
TWIC unapata. Leseni ya nahodha wa boti zinazokaguliwa ni ya raia tu. Kilichobaki kwako ni leseni ya boti za abiria wasiozidi 6, tena zile zenye usajili wa jimbo peke yake.

Kaka, niliwahi kufungwa kwa kuuza dawa. Nisijisumbue?
Omba. Kosa hilo linakuzuia kama hukumu haijapita miaka 7, au hujamaliza miaka 5 tangu utoke. Hata likikuzuia, unaweza kuomba msamaha maalumu. Wasio na mlango kabisa ni wa ujasusi, uhaini, uchochezi na ugaidi.

Visa ya utalii je?
Hapana, dada. Visa hiyo haikuruhusu hata kuifanya kazi yenyewe.

Boti yetu ina mpango wa ulinzi, nimeshaajiriwa, kadi bado haijatoka. Nikae nyumbani?
Si lazima. Kama umeshaomba na kulipa, mwajiri anaweza kukuombea ruhusa ya mwajiriwa mpya, hadi siku 30, ukiwa unaongozana na wenye kadi. Maombi hayo anayapeleka yeye, kwa hiyo msukume leo.