Namna ya kuuandika mwaka mzima wa mji wa Zanzibar, matukio yake na watu wake

Kila Disemba watu wanatupia orodha zao, mwaka huu kafariki fulani, kaapishwa fulani, kimefunguliwa kitu fulani, na ukiangalia vizuri nusu ya hayo yametokea Dar au Dodoma, mji wenyewe haumo. Sasa kama we unataka kuuandika mwaka wa mji wa Zanzibar, yani mtu akisoma miaka ishirini mbele ajue huku Unguja mjini kulikuwaje, kukusanya habari ndo sehemu rahisi. Ngumu ni kuamua kipi cha mji na nani wa mji. Hilo usipoliamua mwanzo daftari litajaa na mwaka hutouona humo ndani.

Ntatumia 2021 kama mfano, manake ulikuwa mwaka wenye mambo hasa na wengi bado tunayakumbuka.

Anza na mipaka. Mji ni Mji Mkongwe peke yake? Mtu wa Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji, atakucheka, na ana haki. Mi nachukua Mji Mkongwe na Ng'ambo yote, Kisiwandui, Michenzani, Kikwajuni, Amani, mpaka huko nyumba zilikofika sasa hivi, we unaweza kuchora pengine, ila ukishauchora mstari usiusogeze katikati ya kazi eti kwa sababu umekutana na tukio zuri la Nungwi. Mwaka Kogwa kwa mfano, ile sherehe ya mwaka mpya, ni wa Makunduchi, kule kusini, hauingii, hata kama Julai ile nusu ya mji inapanda gari kwenda kuangalia. Andika mstari mmoja tu kwamba siku hiyo watu walihamia Makunduchi, inatosha.

Halafu jiwekee kanuni ya matukio. Yangu ni kwamba jambo la nchi linaingia pale tu lilipopita mjini kwa miguu yake. Machi 2021 Rais Magufuli amefariki, tarehe 17, msiba wa nchi nzima, lakini kilichoingia kwenye mwaka wa mji ni tarehe 23 pale jeneza lilipoletwa uwanja wa Amaan watu wakaaga. Tarehe 19 Samia Suluhu Hassan kaapishwa, Mzanzibari wa kwanza tangu Mzee Mwinyi kushika urais wa Muungano na mwanamke wa kwanza kabisa, lakini kaapishiwa Dar. Sasa hapo unafanyaje? Kiapo mi sikiweki kwenye matukio, yeye namuweka kwenye watu. Na kwenye matukio naandika watu walivyokuwa mitaani siku ile, kama unao mtu aliyeona na anaweza kukwambia alikuwa wapi saa ngapi. Huna, acha wazi.

Upande wa pili kuna vitu vidogo kwa nchi lakini kwa mji ni vikubwa. Januari ile fainali ya Kombe la Mapinduzi ilikuwa Simba na Yanga, Yanga wakabeba kwa penalti, hapohapo Amaan. Februari tamasha la muziki la Sauti za Busara likafanyika Ngome Kongwe ila limefupishwa, siku mbili, wakati dunia nzima matamasha yamefungwa kwa korona. Mtu wa miaka ishirini mbele akiona hilo ataelewa mengi kuhusu mwaka ule kuliko ukimwandikia hotuba tatu za viongozi.

Tukija kwenye watu, hapa ndo watu wanagombana, acha wagombane. Chukua majina matatu makubwa ya 2021. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kafariki tarehe 17 Februari pale Muhimbili. Kwao Mtambwe, Pemba, na ndiko alikozikwa. Samia kazaliwa Makunduchi. Abdulrazak Gurnah, tarehe 7 Oktoba katangazwa mshindi wa Nobel ya fasihi, huyu ndo kazaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kukulia mjini, lakini kaondoka kijana miaka ya 1960 na maisha yake yote ya uandishi yako Uingereza, na siku ile ile ukaanza mjadala mrefu kama ni wetu au si wetu. Ukitumia kanuni ya kuzaliwa unabaki na aliyeondoka tu. Ukitumia kanuni ya kuishi unampoteza yeye. Kwa hiyo kuzaliwa peke yake hakufai kuwa kipimo, na mji huu haujawahi kwenda hivo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, shamba, akaingia mjini 1911 akiwa mtu mzima, 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, na leo nani atasema Siti si wa mjini?

Mi nauliza swali moja tu, alifanya nini mjini au mji ulimfanyia nini mwaka huo. Maalim Seif anaingia kwa sababu kazi yake ya siasa miaka yote imezungukia hapa, alikuwa Waziri Kiongozi miaka ya 80, akawa Makamu wa Kwanza 2010 baada ya maridhiano, akarudi tena Disemba 2020, na maiti yake ikapita Unguja ikaswaliwa kabla ya kupelekwa Pemba. Gurnah anaingia kwa sababu ya zogo la Oktoba, barazani watu wakiulizana huyu mtoto wa nani, wa mtaa gani. Usimwandikie wasifu wote wa maisha, huo upo kila mahali, andika hilo zogo.

Na usiishie kwa wenye majina. Ustadh aliyesomesha chuo kimoja miaka arobaini akafariki mwaka huo, mkunga wa mtaa, fundi wa milango ya nakshi, mpiga kanuni (kile chombo cha nyuzi) wa klabu ya taarabu, hawa gazeti huwa haliwaandiki. Ila hapa kuwa na adabu, watu hawa wana familia, nenda ukaombe ruhusa kwa wenyewe kabla hujaweka jina la marehemu wao popote, na wakikataa basi, andika "fundi wa nakshi wa mtaa fulani" na uende zako.

Tarehe sasa. Hapa pana utamu na ndipo orodha nyingi zinapoharibika. Mji huu una kalenda mbili zinazokwenda pamoja. Serikali ina zake hazisogei, Mapinduzi 12 Januari, siku ya kuuawa Mzee Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili. Wazee wako wanakumbuka kwa miezi ya Kiislamu, watakwambia ilikuwa mfunguo mosi, mfunguo sita, mwezi wa mlisho, na mwaka wa Kiislamu ni mfupi karibu siku 11 kuliko ule mwingine, kwa hiyo mfunguo sita ya mwaka mmoja siyo mwezi uleule wa kizungu miaka kumi baadae. Usimlazimishe mzee akupe tarehe. Muulize ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada, karibu na Idd ipi, kusi au kaskazi ilikuwa inavuma, masika yameanza au bado, halafu we mwenyewe ndo ukageuze, mitandaoni zipo programu za kugeuza kalenda. Inafanya kazi kweli. Anayekwambia jambo fulani lilitokea siku chache baada ya Mapinduzi yenyewe, Ramadhani imeshaandama, anakupa Januari 1964 kuanzia tarehe 16 hivi, hata kama hakutaja tarehe yoyote.

Jihadhari na usiku. Mtu mzima akikwambia usiku wa Ijumaa anamaanisha ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, siku kwake imeshaanza magharibi. Ukiandika ovyo unasogeza harusi au kifo siku nzima. Na Idd yenyewe mji unaweza kuisali siku mbili tofauti, wapo wanaofuata mwezi wa hapa na wapo wanaofuata Makka, kwa hiyo "siku ya Idd" peke yake haitoshi, uliza Idd ya nani. Na gazeti nalo lina mtego wake, la leo linasema "alifariki jana", watu wanaandika tarehe ya gazeti.

Umri pia usiukazanie. Bi Kidude, yule mwimbaji wa taarabu, alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 hakuna aliyekuwa na uhakika alizaliwa lini, wengine walishampa zaidi ya miaka mia. Andika tarehe ya kufa, ya kuzaliwa weka kinachosemwa na nani anakisema.

Hesabu za vifo ndo usiguse bila chanzo. Meli ya Spice Islander iliyoondoka hapa mjini kwenda Pemba ikazama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, kuna idadi ya maiti zilizoonekana, kuna idadi ya waliopotea, kuna idadi ambayo watu wa mitaa wanaijua kwa kuhesabu ndugu zao, na hizo hazilingani hata kidogo. Ziweke zote mbili tatu, kila moja na aliyeitoa. Usichague.

Wapi pa kutafuta? Zanzibar Leo kwa mambo ya serikali. Matangazo ya vifo ya redio, haya ni hazina na hakuna anayeyaandika, kaa na daftari unapoyasikiliza maana yanataja mtaa, ukoo na saa ya maziko. Kwa miaka ya zamani kuna Nyaraka pale Kilimani, nenda asubuhi, ujue kabla unatafuta mwaka gani na gazeti gani. Klabu za taarabu zina kumbukumbu zao, Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, wana picha ukutani na wazee wa kuzielezea. Na magrupu ya simu, ila picha ya simu ikishasambazwa mara tano tarehe inapotea, kwa hiyo muulize aliyeipiga, siyo aliyekutumia.

Kuandika kwenyewe usijipe shida. Mstari mmoja kwa tukio moja: tarehe, siku, mahali, nini, nani kasema. Mfano:

7 Okt 2021, Alhamisi. Habari za Nobel ya Gurnah zinafika mjini mchana. Barazani mabishano kama ni wetu. (Chanzo: walioshuhudia wawili, redio.)

Basi. Maoni yako weka pembeni kwenye safu nyingine, na kila mwezi acha kurasa wazi, manake utakuja kuletewa vitu miezi sita baadae na mtu aliyesikia kwamba unaandika.

Na usiufunge mwaka Disemba. Beit el Ajaib ilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, jengo kubwa kuliko yote pale Forodhani, na waliokuwa wameshamaliza orodha zao za mwaka ule wiki moja nyuma wakawa wamelikosa tukio kubwa la mji mzima. Mi nasubiri mpaka sikukuu ya Mapinduzi, 12 Januari, kazi zimefungwa watu wako nyumbani, nachukua daftari naenda nalo barazani alasiri, nasoma mwezi mmoja mmoja kwa sauti, na kalamu iko mkononi kwa sababu ukifika Machi tu kuna mtu atakukatiza.