Kabla hujagusa kompaila: kasoro za thredi na msimbo unaozalishwa

Unashuku kompaila (programu inayogeuza msimbo wa C kuwa maagizo ya mashine) imeharibu programu yenye thredi, yaani njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba? Tayarisha kwanza programu fupi inayoonyesha kasoro. Ikiwa ndefu, zana ya C-Reduce itakupunguzia. Hifadhi kazi kwenye Git kila hatua, maana umeme wa Kampala hauagi ukiondoka. Ukishusha LLVM (mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila) tumia `--depth 1`, la sivyo bando lako litaishia kwenye historia usiyoihitaji. RAM ikiwa GB 8, wakati wa kuijenga weka `LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1`; hatua ya kuunganisha ndiyo inayogandisha mashine.

Usiilaumu kompaila kabla ya kupitisha programu yenyewe kwenye ThreadSanitizer, zana inayonasa migongano ya thredi. Itaenda polepole mara 5 hadi 15, vumilia. Tangu C11 (sanifu ya C ya 2011), thredi mbili kugombea kigezo cha kawaida ni kosa la mwandishi wa programu, na `volatile` haimwokoi.

Sasa tafuta mashine ya ARM, aina ya prosesa iliyo kwenye simu nyingi. Hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua programu ya wakala wa pesa za simu pale Nakawa: thredi moja inaandika salio, kisha inainua bendera ya atomiki (kigezo ambacho thredi zinaruhusiwa kukigusa kwa pamoja), nyingine inasubiri bendera, kisha inasoma salio. Kwenye laptopu ya Intel jaribio linapita hata mara milioni, kwa sababu x86, aina ya prosesa ya Intel, haipindui mpangilio wa maandiko mawili wala wa masomo mawili. Kwenye simu, kompaila ikiwa imekosea, unaweza kukuta bendera imeshainuka na salio bado ni sifuri. QEMU (kiigizaji cha mashine) juu ya Intel haitakusaidia, kwani anayetekeleza maagizo bado ni Intel. Simu ya Android yenye Termux (programu ya kuandikia amri za Linux) inatosha, ila hakikisha `uname -m` inajibu `aarch64`, yaani ARM ya biti 64. Simu nyingine za bei nafuu zinaendesha mfumo wa biti 32, na maagizo yake ni tofauti.

Fungua asembli, yaani maagizo ya mashine yaliyotolewa na kompaila. Bendera ya release (uandishi unaohakikisha yaliyoandikwa kabla yake yanaonekana kwanza) iandikwe kwa `stlr`, au kuwe na `dmb ish` kabla ya `str`. Ukikuta `str` tupu, rudi kwenye IR ya mwisho, umbo la kati la msimbo ndani ya LLVM. `store atomic` yenye `release` ikiwapo, mkosaji ni kizalishaji msimbo. Ikiwa imetoweka, kuna hatua ya uboreshaji iliyoipoteza: pandisha na kushusha `-opt-bisect-limit`, kikomo cha hatua zinazoendeshwa, kwa nusu nusu mpaka uipate.

Usiongeze `printf` katikati ya uwindaji, maana inabadilisha mwendo wa thredi na kasoro inajificha. Usirekebishe mawili kwa komiti moja. Na jaribio likipita mara moja, liendeshe tena usiku kucha, simu ikiwa kwenye chaji.