Gari likizama mchangani, usikanyage mafuta

Wenye pikapu mnaoshuka ufuoni hapa Malindi au kule Mambrui, shikeni hili. Difu, kile kifaa cha gia katikati ya ekseli ya nyuma, huyaacha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, maana kwenye kona gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Lakini mchangani wema huo hugeuka tabu: lisiloshika huzunguka ovyo likijichimbia shimo, na lililo pagumu limetulia tuli, kwa kuwa difu ya kawaida hailipatii nguvu kuzidi lile linaloteleza.

Basi toa upepo kidogo tairi zote, tia gia ya kwanza, vuta breki ya mkono meno mawili matatu, kisha achia klachi polepole. Breki hulizuia linaloteleza, na nguvu hufika upande wa pili. Nimeona pikapu ya samaki ikitoka hivyo, maji yameshaanza kujaa, barafu ikichuruzika nyuma.

Gari la kuvutwa na magurudumu ya mbele halifaidiki, kwani breki ya mkono hukamata ya nyuma. Ukifika lami, jaza upepo kabla hujakimbia.