Kupanga kondensa ya uwanja mweusi kwenye hadubini ya zamani

Mtu anapofunga kondensa ya uwanja mweusi (kikusanya mwanga kinachokaa chini ya slaidi, hiki kikifanya kielelezo, yaani kitu kinachochunguzwa, king'ae juu ya giza) kwenye hadubini ya zamani, kisha akaona ukungu wa kijivu mahali palipotakiwa kuwa na giza totoro, kitu cha kwanza anachokishuku ni lenzi. Mara nyingi lenzi haina kosa lolote. Tatizo ni kwamba kioo cha kuakisi mwanga, taa na kondensa haviko kwenye mhimili mmoja, na kila skrubu inayogeuzwa kwa kubahatisha huongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza. Ndiyo maana kazi hii huanzia kwenye taa na kupanda juu, na sehemu iliyokwisha kuwekwa sawa haiguswi tena.

Kabla ya kuwasha chochote, kagua waya wa taa, kwa maana gamba la waya za zamani hukauka na kupukutika. Hakikisha pia kwamba transfoma inatoa volti zinazotakiwa na balbu. Nyingi za taa hizo hutumia volti 6. Kama kondensa haitaki kupanda wala kushuka, usilazimishe kirungu chake: grisi ya zamani huganda ikawa kama gundi, na meno ya shaba huvunjika kwa urahisi. Na ikiwa hadubini inatumia kioo, kamwe usikielekeze kwenye jua, kwa sababu mwanga huo unaweza kuunguza jicho.

Sasa ondoa kondensa kabisa. Geuza upande bapa wa kioo uelekee taa, kwa kuwa upande uliobonyea umekusudiwa kutumika pasipo kondensa. Weka lenzi ya kitu (ile inayokaribia slaidi) ya ukuzaji wa mara 10, chomoa lenzi ya jicho, uchungulie ndani ya bomba. Utaona kiduara cha mwanga. Inamisha kioo taratibu mpaka kiduara hicho kikae katikati. Kuanzia hapa, kioo na taa visiguswe. Rudisha kondensa ya kawaida. Mwanga ukihama, umekwisha kujua mwenye kosa ni nani, nawe utaurudisha kwa skrubu za kondensa, si kwa kioo.

Taa yenye kiwambo chake yenyewe, yaani tundu la mwanga linaloweza kubanwa au kupanuliwa, inakuwezesha kufuata utaratibu wa kupanga mwanga ambao Mjerumani August Köhler aliuchapisha mwaka 1893. Rudisha lenzi ya jicho, lenga slaidi yoyote, fumba kiwambo cha taa, kisha pandisha au shusha kondensa hadi kingo za kiwambo zionekane kali pamoja na kielelezo. Ziweke katikati, halafu fumbua kiwambo mpaka kingo zitoweke tu nje ya eneo unaloliona. Kisha sogeza lenzi ya taa hadi taswira ya uzi wa balbu iangukie kwenye kiwambo cha kondensa. Kipande cha karatasi nyeupe kikishikwa hapo kitakuonyesha uzi huo waziwazi.

Baada ya hayo ndipo kondensa maalumu iingie. Kondensa ya uwanja mweusi huziba mwanga wa katikati na kuruhusu koni yenye uwazi ndani, ili miale ipite pembeni mwa lenzi ya kitu na kinachoingia kiwe tu ule mwanga uliotawanywa na kielelezo. Aina zenye nguvu zaidi hutoa miale iliyolala kiasi kwamba haiwezi kutoka kwenye lenzi ya kondensa na kuingia hewani. Huakisiwa na kurudi ndani. Kwa hiyo tone la mafuta ya kuzamishia kati ya kondensa na slaidi ni la lazima. Liweke juu ya kondensa, pandisha kondensa polepole hadi mafuta yaguse slaidi na kutandaa, na uchunguze ubavuni kama kuna kiputo. Kiputo kimoja kidogo kinatosha kuharibu weusi wote. Tumia slaidi yenye unene wa milimita 1 hivi, kwani iliyo nene kupita kiasi huzuia koni isifike kwenye kielelezo.

Tazama tena kwa lenzi ya mara 10. Kondensa ikiwa haijafikia kimo chake, utaona pete angavu yenye giza katikati. Endelea kurekebisha kimo: pete itajikunyata, itajaa, na mwishoni itakuwa doa moja dogo linalong'aa. Hapo ndipo penyewe. Kwa skrubu za kondensa, sogeza doa hilo katikati, kisha hamia ukuzaji mkubwa. Mate yenye seli za shavu yanafaa sana kwa majaribio: kingo za seli huwaka kama uzi wa fedha, na bakteria huonekana kama vumbi hai juu ya usiku.

Lakini angalia maandishi yaliyochongwa kwenye lenzi ya kitu. Penye 40/0.65, 40 ni ukuzaji na 0.65 ni uwezo wa kupokea mwanga. Lenzi ya kitu inayotumiwa na tone la mafuta, yenye 1.25 au 1.30, hupokea mpaka ile miale ya pembeni iliyokusudiwa kuikwepa, hivyo ni lazima iwe na kiwambo cha ndani cha kuushusha uwezo huo chini ya 1.0. Jioni moja nzima niliisafisha kondensa isiyokuwa na uchafu wowote, kumbe pete ya kiwambo hicho ilikuwa imefunguliwa yote.

Kondensa ya utofautishaji wa fezi, inayofanya vitu visivyo na rangi vionekane kwa tofauti za mwanga na giza, ni rahisi zaidi kupanga, mradi kila pete ya mwanga itumike na lenzi iliyotengenezewa. Badilisha lenzi ya jicho kwa darubini ndogo ya kusawazishia, nawe utaona pete angavu ya kondensa na pete ya kijivu iliyo ndani ya lenzi ya kitu. Zilaze moja juu ya nyingine kwa skrubu za pete, ambazo si zile za kondensa yenyewe. Rudia kwa kila lenzi.

Ukimaliza, shusha kondensa kabla ya kuondoa slaidi, na ufute mafuta papo hapo kwa karatasi ya lenzi. Mafuta ya mwerezi yaliyotumika zamani yakiachwa hugeuka gamba gumu.