Somo: Kurekodi kyu kwenye meza ya taa za jukwaani

Somo hili ni la fundi ambaye taa zake zimeshafungwa, waya umefika, na sasa amekaa mbele ya meza (mtambo wa vitufe unaoendesha taa) hajui aanzie wapi. Kyu ni picha ya taa iliyohifadhiwa kwa namba, ili uiite wakati wa onyesho. Natumia mfano wa meza za ETC Eos. Kwenye meza nyingine vitufe hutofautiana, akili ni ileile.

1. Zipe taa anwani. Mstari mmoja wa DMX512, yaani mfumo ambao meza hutumia kuziamuru taa, una nafasi 512, na kila nafasi hubeba namba kuanzia 0 hadi 255. Taa ya LED inayokula nafasi 7 ukiiweka kwenye 1, ya pili inaanzia 8, ya tatu 15, ya nne 22.

2. Pachika. Iambie meza kwamba chaneli 1 ni taa ya anwani 1, chaneli 2 ni ile ya 8, na kuendelea. Ukimaliza, sahau anwani. Wewe na mwongozaji mnazungumza chaneli tu.

3. Jenga picha. 1 Thru 4 At 70 Enter, taa nne zinawaka kwa asilimia 70. Mwombe mtu asimame jukwaani. Skrini haina uso.

4. Rekodi: Record Cue 1 Time 5 Enter. Siku ya onyesho ukibonyeza Go, picha inaingia kwa sekunde 5. Umeruka kyu kati ya 2 na 3? Irekodi kama 2.5.

5. Hapa ndipo wengi tunapoumbuka. Meza ya aina hii huandika kilichobadilika tu. Tuseme kyu 1 ni usiku, na chaneli 9 ndiyo koroboi ya bibi, ipo 60. Kyu 2 mbalamwezi, kyu 3 kumekucha. Usipoizima chaneli 9, koroboi itawaka hadi jua la utosi. Uzuri wake ni kwamba mwongozaji akilalamika koroboi imezidi, unaishusha kwenye kyu 1 na zinazofuata zinatii. Ukitaka badiliko liishie kyu ileile, tumia Cue Only.

Kila tukio jipya mimi huanza na Block, marekebisho ya nyuma yasivuke. Nilijifunza kwa aibu: niliongeza chaneli 12 tukio la kwanza, na kwa kuwa haikuguswa popote mbele, ikawaka hadi kwenye giza la tukio la nne. Watazamaji wakamwona maiti akijiinua na kuondoka kwa miguu yake.

MASWALI

Swali: Mwalimu, naomba nyekundu inakuja kijani. Taa mbovu?
Jibu: Huenda ni nzima. Angalia modi. Taa ikiwa kwenye modi ya nafasi 4 nawe umeipachika kama ya 7, rangi zitapishana.

Swali: Taa za mwisho wa mstari zinapepesa zenyewe.
Jibu: Taa ya mwisho ifunge kwa plagi yenye rezista ya omu 120 kati ya pini 2 na 3. Na kama umeazima waya wa maikrofoni, urudishe kwa watu wa sauti.

Swali: Kaka, ukumbi wetu una meza ya zamani, safu mbili za feda (vile vitelezi vya kupandisha na kushusha mwanga), hairekodi chochote.
Jibu: Safu ya juu iwe picha iliyopo, ya chini uandae inayofuata, kisha uvuke taratibu. Namba zote andika kwenye daftari, kwa penseli, maana mwongozaji atabadilisha.