Kabla hujampeleka mzazi kliniki ya tiba asili, soma hapa kwanza

Sikatazi mtu kwenda, mi mwenyewe naenda na yupo daktari wa tiba lishe alonisaidia sana na tumbo langu, ila kuna mambo lazima uyaweke sawa kabla ya kwenda, hasa kama unayempeleka ni mtu mzima mwenye magonjwa yake.

Usajili kwanza. Hapa Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lipo kwa sheria namba 23 ya mwaka 2002, na anasajiliwa mtoa huduma, kinasajiliwa kituo, na dawa nazo zinasajiliwa, kwa hiyo cheti kimoja ukutani hakitoshi, ulizia vyote. Akikasirika, ondokeni.

Beba majibu ya hospitali, hata ya mwaka jana. Kile kimashine cha kushika chuma mkononi halafu kompyuta inatoa ripoti ya figo na ini hakijagusa damu yako wala mkojo, sasa kreatinini yako (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi) kitaijuaje?

Halafu dawa. Hapa naomba utulie unisome vizuri.

Beba dawa zote anazotumia, sio kutaja majina, zibebe zenyewe na paketi zake. Mama yangu mdogo ana kisukari miaka mingi, alikuwa kwenye glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari. Akaenda kliniki moja akaambiwa mwili umejaa sumu, asafishe siku 7 kwa juisi ya karela (lile tunda chungu la kijani), tango na mchaichai, asile kitu kingine chochote. Hakuna alomuuliza anameza nini, na yeye hakusema maana aliona za hospitali ni za hospitali na hizi ni majani tu. Basi akawa hali, anakunywa juisi yake, na vidonge anameza kwa saa kama alivyofundishwa. Usiku wa tatu binti yake akasikia sauti chumbani, kuingia anamkuta mama kalowa jasho mpaka shuka, mikono inatetemeka, anamwita kwa jina la dada yake alokwisha kufariki. Nyumba nzima ikajua ni mashetani, mtu keshaanza kusoma dua. Jirani yao ni nesi, akaja na kipimo, sukari 1.8, imeshuka mno. Wakambeba kwenye bajaji mbio, akawekewa dripu ya glukosi, na hata alipoamka akaomba chai hospitali wakakataa kumruhusu arudi nyumbani, kwa sababu kile kidonge kinalisukuma kongosho litoe insulini kwa saa nyingi hata kama tumbo ni tupu, na kwa mzee ambaye figo zimechoka kinachelewa zaidi kutoka, sukari inaweza kushuka tena. Karela nayo inashusha. Yaani kila kitu kilikuwa kinashusha na hakuna kilichokuwa kinapandisha!

Na misingi ya naturopathi yenyewe, yaani hii tiba ya njia za asili, inasema usidhuru, tafuta chanzo, mtibu mgonjwa kwa ujumla wake, mfundishe. Utamtibuje kwa ujumla wake bila kujua anameza nini asubuhi?

Kwa hiyo tia vyote kwenye mfuko, vya presha, ARV, vya uzazi wa mpango, vya kuzuia damu kuganda (hivi na vidonge vya kitunguu swaumu mtu anaweza kuvuja damu), mwaga mezani kwa mtoa huduma, muulize kimoja kimoja. Akikwambia acha za hospitali, usiache mpaka uongee na daktari alokuandikia, na insulini ndo kabisa usiiache. Hospitali nako sema majani unayokunywa, hasa kama kuna upasuaji.

Mwenye figo mbovu asikubali juisi za kusafisha mwili, yale matunda na mboga yana potasiamu nyingi, figo ikishindwa kuitoa moyo unaweza kusimama. Mjamzito asifunge.

Angalia pia muda. Daktari wa kweli wa tiba hii anakaa na wewe hata saa nzima, anauliza usingizi, choo, kazi, unapika na mafuta gani. Ukitoka dakika 10 na chupa tatu ujue umeenda dukani. Chupa isiyo na jina la kilichomo usinywe, na anayetibu kansa, sukari na ugumba kwa chupa hiyohiyo usimpe hela yako, na mzee akianza dozi yoyote mpya asilale chumbani peke yake siku za mwanzo, kipimo cha sukari kiwe karibu, na namba ya bajaji iwe kwenye simu.